Daktari wa Maiti Hakufika Mtaani Kwetu

Enzi zetu, hadithi ya upelelezi haikusomwa kimyakimya. Ninyi mliokulia Kisangani wakati ule mnakumbuka jioni za barazani, taa ikififia kila mitambo ya umeme ya mto Tshopo ilipochoka. Papa alikaa kitini, sisi chini na lituma, ndizi za kupondwa, ya moto mikononi, naye akisoma kwa Kifaransa na kutufasiria kwa Kiswahili. Vitabu aliachiwa na Mzungu wa ofisini kwake aliyekimbia baada ya uhuru: sanduku zima, vyote vya daktari mmoja wa polisi aliyepasua maiti na kuuliza kila jeraha swali lake. Katika vitabu vile mtu hakufa hivihivi.

Kabla ya sura ya mwisho papa alifunga kitabu. "Bon, nani aliua?" Tulipiga kelele sote. Tonton Saidi, jirani yetu mshona nguo, kila mara alimshtaki mke wa marehemu. "Ni bibi yake! Bibi iko na sababu kila siku!"

"Njo maana hakuna mwenye anakutaka, Saidi," mama alijibu kutoka kwenye makaa.

Papa hakucheka. "Ushahidi iko wapi?" Swali hilo lilituingia damuni. Vijana wa leo wanaanzia ukurasa wa mwisho, kisha wanajiita wasomaji.

Kisha uasi ukaja. Waasi walitafuta watu wa kalamu, na papa alikuwa karani. Mama alichoma vitabu kimoja kimoja chini ya sufuria ya pondu, majani ya muhogo, na chakula kikanuka gundi. Haikusaidia. Walimchukua papa asubuhi, eti akajibu maswali machache, asirudi. Barabarani maiti walilala juani, na hakuna aliyeinama kuuliza jeraha lolote.

Mji ulipotulia kidogo, Tonton Saidi aliingia uani na viatu vya papa chini ya kanzu. Alisema amemkuta karibu na maporomoko ya mto, akamzika palepale.

"Uliona uso?" niliuliza.

Alitazama chini. "Mutoto yangu, uso haikukuwa tena. Nilijua viatu."

Nikasema nilivyofundishwa: viatu vinaweza kuvuliwa mtu aliye hai, vikavaliwa na mwingine. Mama alinifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Nyamaza! Unataka tumupoteze mara mbili?"

Jioni ile ile akavaa nguo za matanga.

Siku hizi, chuoni, wadogo zetu wanapitishana vitabu vya daktari yuleyule; vipya bado vinatoka. Wanakaa kwenye ngazi, wanakunywa soda, wanabishana muuaji ni nani, wanacheka. Nawaonea wivu. Maiti wao wana majina, na kila mmoja anapata mtu wa kumsumbukia hadi mwisho. Sisi tuliamini kwamba dunia ndivyo ilivyo.

Mimi bado nataka ushahidi. Tonton Saidi simwiti mwongo, lakini nusu ya maneno yake sijaweza kuyameza. Ila mama akienda kung'oa majani kwenye kaburi lile karibu na maporomoko, namfuata na ndoo ya maji, wala siulizi kitu. Akimaliza hunyoosha mgongo na kuniambia, "Salimia papa yako."

Namsalimia yeyote aliyelala pale.