Ufunguo wa Gari la Ugenini

Nimekuwa dereva tangu sijaota ndevu vizuri. Nimeendesha malori ya mawese, nimeendesha magari ya serikali, na sasa nina Land Cruiser yangu mwenyewe, kuukuu, ninayoikodisha hapa Rusimbi, Kigoma, kwa wageni wanaotaka kwenda Kasulu au Uvinza. Wengine wanataka niwaendeshe. Wengine wanataka kuendesha wenyewe, na hao hunionyesha leseni zao. Nimeshaletewa leseni zenye maandishi ambayo sijui hata yanaanza kusomwa upande gani. Nilikuwa nazitazama, natikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nawarudishia wenyewe. Halafu tunalizunguka gari.

Kulizunguka gari ndiyo shughuli yenyewe kwetu. Mwenye gari na atakayeendesha wanalizunguka pamoja, wanafungua boneti, wanaangalia oili na maji, wanapiga matairi teke. Kisha mwenye gari anamkabidhi dereva ufunguo mkononi na kumwambia Mungu akutangulie. Ufunguo haupiti kwa mtu wa tatu. Ukichukua gari kutoka kwa mtu aliyepewa na mtu, siku ukipata ajali utaulizwa nani alikupa, na hutakuwa na la kujibu. Mimi nilifundishwa hivyo na marehemu baba, dereva wa malori, na mama alikuwa anasikia. Mama hajashika usukani maisha yake yote, lakini hiyo sheria anaijua kuliko matrafiki.

Dada yangu alikuwa muuguzi huko ng'ambo. Nchi yenyewe sitaitaja, haijanifanyia jema la kunifanya niitangaze. Alipougua alituficha muda mrefu, na alipokuja kutuambia alikuwa ameshalazwa kwenye mji mdogo, mbali na uwanja wa ndege, mwendo wa saa nyingi kwa gari. Alimwambia mama kwenye simu, "Mama, njoo nikuone." Hakuomba kingine, ila samaki wa ziwa letu, migebuka mikavu ya Katonga. Alisema hawezi kula tena, anataka kunusa tu.

Tulihangaikia viza mpaka nikakonda. Walitaka picha, walitaka karatasi za benki, walitaka hati ya nyumba, walitaka cheti cha chanjo, walitaka kujua mimi na mama tutarudi kufanya nini Kigoma, kama vile mtu anahitaji sababu ya kurudi kwao. Vyote tulivitoa. Majirani wa mama kule Ujiji walitushauri masweta, soksi, dawa ya kupaka midomo isipasuke. Hakuna aliyenishauri juu ya leseni. Na nani angenishauri? Leseni ninayo, halali, daraja la juu, imeandikwa kwa herufi zilezile wanazotumia wao. Dar es Salaam tulisubiri ndege siku mbili nzima. Nilikaa barazani kwa binamu yangu nikitazama bodaboda zinapita.

Tulipofika, tulipokelewa na mwanamume mmoja wa Tanga, rafiki wa dada, anayeishi kwenye mji ule wenye uwanja wa ndege. Mtu mwema sana. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, macho mekundu. Akatuambia wafanyakazi wa treni wamegoma, mabasi yamejaa, tutakodi gari palepale uwanjani. Yeye atalichukua kwa jina lake, tukishatoka nje nitaendesha mimi, yeye alale kiti cha nyuma.

Kabla hatujafika kaunta, simu yake iliita. Muuguzi wa dada. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, kisha akanivuta pembeni. "Kaka, wanasema tusichelewe. Leo bado anatambua watu."

Nikamwambia mama, kwa hiyo sote watatu tulijua tunakimbizana na nini. Mama alikuwa ameshika kifurushi cha migebuka, kimefungwa ndani ya kanga mbili ili kisinuke, na kinanuka.

Kaunta kulikuwa na binti aliyevaa skafu shingoni. Yule bwana wa Tanga alitoa leseni yake, akatoa kadi yake ya benki, binti akaandika, akazuia pesa za dhamana ya gari kwenye kadi, akatabasamu, akaweka ufunguo mezani. Bwana wa Tanga akanyoosha mkono kuuchukua. Ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumebakiza kutoka nje tu.

Mama akanigusa mgongoni.

"Mwana wanje, si wewe utakayeendesha? Nenda ukapokee mwenyewe. Gari la watu halipokelewi na mwingine."

Nami nikasogea. Nikasogea kwa adabu zangu zote, nikavua kofia, nikatoa leseni yangu na kuiweka mbele ya yule binti. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuwaongoza watalii kwamba dereva ni mimi, huyu ndugu yangu hajalala, amekesha kazini. Nilidhani namheshimu. Nilidhani anataka kumjua mtu anayekwenda na gari lake, kama ambavyo mimi ningetaka.

Bwana wa Tanga alifumba macho. Nami bado sikuelewa.

Binti aliichukua leseni, akaigeuza, akauliza kibali cha kimataifa kiko wapi. Nikamuuliza kibali gani. Akaeleza, polepole, kama anayemweleza mtoto: kijitabu kinachoambatana na leseni, kinachoitafsiri. Nikamwambia leseni yangu haihitaji mkalimani, asome, hilo hapo jina, hiyo hapo tarehe. Akasema kampuni yake haitoi gari kwa leseni ya nchi kama yetu bila kijitabu hicho, wala haikubali dereva ambaye hakuandikishwa. Nikauliza kinapatikana wapi, nikakichukue sasa hivi.

"Kinatolewa nchini kwenu," akasema. "Kabla ya kusafiri."

Bwana wa Tanga akaruka, akasema basi ataendesha mwenyewe. Binti akamtazama yale macho mekundu. Akasema samahani, nimeshaambiwa kwamba hujalala, siwezi kukupa gari. Na ufunguo akauvuta upande wake wa meza. Tabasamu lilikuwa palepale.

Tulijaribu kaunta ya pili. Hiyo ya kwanza ilikuwa imeshazuia dhamana kwenye kadi ya yule bwana, na ingekaa hivyo mpaka benki yake iachilie, kadi haikubaki na pesa za dhamana nyingine. Kadi yangu ya Kigoma waliipitisha kwenye mashine, mashine ikaikataa. Kaunta ya tatu waliuliza kijitabu kabla hata sijasalimia.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi akitufuata kwa macho. Nilipomrudia aliuliza, "Tatizo ni nini?"

"Leseni yangu, mama. Haifai hapa."

"Haifai? Si ndiyo unayotuendeshea siku zote?"

Sikumwambia kwamba ufunguo ulikuwa umeshakuwa wetu kabla hajanigusa mgongoni. Sijamwambia mpaka leo, na sitamwambia. Aendelee kuamini kwamba ilishindikana tangu mwanzo.

Tulipata basi kesho yake. Dada alikuwa ameshaaga dunia alfajiri. Muuguzi alituambia kwamba jioni aliulizia mama mara kwa mara, akaambiwa yuko njiani, na kwa kweli hatukuwa njiani, tulikuwa tumekaa kwenye benchi. Mama aliingia kumwona, akamshika miguu, akakaa naye. Kifurushi cha migebuka kilibaki korido. Mfagiaji mmoja alikuja akakinusa, akakunja uso, akauliza kama akitupe. Nikamwambia atupe. Nilitamani kumpiga mtu, yeyote, na hapakuwa na wa kupigwa.

Tulimzika hukohuko. Matangani Ujiji mama aliwasimulia waliokuja kumpa pole. Alisimulia bila lawama, ndicho kilichoniumiza. "Tulikwama uwanjani. Leseni ya kaka yake haikuwa nzuri." Niliona watu wazima wakinitazama, wakatazama mkeka. Haikupita muda nikasikia kwenye kijiwe cha bajaji kwamba leseni yangu ni ya kununua. Mimi, niliyewafundisha nusu ya madereva wa mji huu kurudi nyuma na lori lenye tela.

Wageni bado wanakuja. Mwezi uliopita walikuja mke na mume kutoka nchi ileile, wachangamfu, wana viatu vya kupandia milima. Mume akanipa leseni yake. Nikamuuliza kijitabu kiko wapi. Akacheka, akasema amesafiri kote hajawahi kuulizwa kitu kama hicho. Nikamrudishia leseni yake na kuwaelekeza kwa jirani yangu, ambaye aliwapa gari kabla chai yake haijapoa. Nilijiona mjinga, na nilifurahi vilevile.

Nilipokwenda Dar kufuata vipuri, nilikitafuta kijitabu hicho. Niliingia kwenye ofisi inayovitoa na picha mbili na leseni yangu hiyohiyo mbaya. Mtu anaweza kuagiza chipsi mayai, na kijitabu kikawa tayari kabla hazijaiva. Nilitoka nacho, nikasimama juani nikikitazama. Kutoka pale mpaka kwenye baraza ya binamu yangu, nilikokaa zile siku mbili, ni mwendo wa kutembea kwa miguu.

Nilimpelekea mama Ujiji. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka aone kwamba sasa leseni yangu ni nzuri. Alifuta mikono kwenye kanga, akakipokea, akakifungua, akaitazama picha yangu. Hajui kusoma, lakini alifunua kurasa zote, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

"Hiki ndicho walichokuwa wanataka?"

"Ndicho, mama."

Akakifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ni kizuri," akasema. "Sasa unakwenda nacho kwa nani?"