Maneno Tuliyojizoeza Gorong'a

Mvua ilipopiga mabati ya darasa letu kule Gorong'a, wenzangu walipaza sauti kidogo tu wakaendelea. Kwangu dunia ilizimika. Sikio langu la kushoto lilikufa nilipougua homa nikiwa mdogo, na la kulia halikuweza kushindana na bati. Nilikaa nyuma nikitazama midomo. Mwalimu wa hesabu akiniuliza swali nikabaki kimya, alinichapa akisema nina kiburi.

Tulipofika darasa la saba alikuja Mwalimu Neema, mgeni kutoka Iringa, ambaye Kikurya chake hakikuvuka salamu. Alhamisi mchana alitubakiza wasichana wachache na kutuuliza mambo ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kutuuliza. Unahitaji nini ili usome vizuri? Nani anajua? Ukitaka kumwambia mtu, nini kinakukwamisha? Nilijibu kwamba anayejua ni mama tu, na kinachonikwamisha ni miguu, maana inatetemeka. Hakucheka. Alitufundisha kusimama wima, kusalimu, kulitaja jambo lenyewe, kisha kuomba. Tulijizoeza wawili wawili, mimi na jirani yetu Bhoke, ambaye sauti yake haikuyumba hata kidogo.

Asubuhi moja nilimfuata mwalimu wa hesabu nje ya ofisi. "Shikamoo, mwalimu. Sikio langu la kushoto halisikii. Naomba kukaa mbele."

Aligeuka. "Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

Nilihamia mbele siku hiyohiyo, na Bhoke alifurahi kuliko mimi. Jioni naye akaenda kusema lake. Baba yake alikuwa amekwisha kupokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa mtu wa Ringwani, na mtihani ukiisha angeolewa. Bhoke alisimama mbele ya baba yake na wazee wa ukoo uani, akasalimu, akasema anataka kwenda sekondari, akaomba ng'ombe warudishwe. Mama yake alituambia baadaye kwamba aliongea kama mtu mzima. Alipigwa hadi akashindwa kuinua mkono, na hata mtihani hakuufanya, kwani walimpeleka Ringwani kabla. Mwalimu Neema alipokwenda kwao kumtetea, aliambiwa arudi Iringa akawafundishe watoto wa huko kujibizana na baba zao. Nilimkuta darasani peke yake, viatu vimejaa tope. "Ningeanza kwenda mimi, Robi," alisema. "Mimi kwanza, kisha yeye."

Leo nafundisha karibu na Mugumu. Wasichana wanaofika sekondari ni wengi kuliko enzi zetu, na wengine huniambia shida zao bila kutetemeka. Nawauliza maswali yaleyale, ila nimeongeza moja: ukisema, nani atasimama pembeni yako? Hapo wengi huinamisha vichwa, nami hupanda pikipiki kwenda kwao kabla hawajafungua mdomo. Kuna milango ambayo bado hainifungukii.

Mwaka jana nilikutana na Bhoke sokoni, akiuza dagaa. Tulikumbatiana, tukacheka, tukaulizana habari za watoto. Kisha akapunguza sauti.

"Robi, wewe ni mwalimu, hebu niambie. Siku ile nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote," nilimjibu.

Akaendelea kupanga mafungu yake. Sikujua kama ameniamini.