Njia ya Uani

Baba alipokufa, mama aliingia eda katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, nami nikahama kwangu Kiembe Samaki kwa muda ili nikae naye. Nilisema nimekuja kumlinda. Hakuna aliyenituma, ila mimi nikiona mjane kakaa ndani miezi minne na siku kumi, katika nyumba iliyozungukwa na mahoteli, siamini kwamba hakuna anayemnyemelea.

Wiki ya tatu akaja jirani yetu wa nyuma, shoga yake mama tangu usichana. Kila siku huja kwa mlango mdogo unaounganisha ua wetu na wake, ambao wanawake wa nyumba mbili hizi huupita kutembeleana bila hata kuvaa buibui. Siku hiyo alizunguka, akabisha mlango wa mbele, karatasi mkononi. Hapo hapo nikaingiwa na shaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanangu wanauza nyumba, nshawashindwa. Wewe ndo mtoto mkubwa, tia saini hapa. Kwa faida yenu. Mama yako anajua."

Nani hapa mjini ameambiwa "kwa faida yenu" akasalimika? Na hilo la mama kujua nililiona uongo mtupu. Nikapokea karatasi, nikasema nitaisoma.

Ilikuwa ya Kiingereza, na mhuri wa wakili chini. Nimesomesha Kiingereza miaka mingi, lakini neno moja lilinikwamisha: egress. Nikafungua kamusi yangu nene. Maana yake ni kutoka. Asili yake Kilatini, vipande viwili: cha kwanza nje, cha pili kupiga hatua. Ni ndugu wa progress, hatua ya kwenda mbele, ambalo wanafunzi wangu wanalijua vizuri. Watu wa sheria hulitumia kwa njia ya kutokea, na kwa haki ya kuipita. Basi karatasi ilisema hivi: hata nyumba ikiuzwa, sisi tutakuwa na haki ya kutoka kwa kupitia ua ule mpaka kichochoro cha nyuma.

Ilikuwa wazi kabisa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mlango ule tumeupita tangu sijazaliwa, bila karatasi. Anayekuandikia leo kwamba una haki ya kupita, kwanza anakukubalisha kwamba njia ni yake. Halafu kwa nini wameandika kutoka, wasiandike kukaa? Nilinusa mkono wa mnunuzi, bila shaka mtu wa hoteli anayetutaka tutoke, na nikajiona mjanja kweli kweli.

Nikaifunika karatasi ndani ya kamusi. Mama sikumwambia, yumo edani, anamlilia mumewe, nimpelekee mambo ya mawakili? Jirani aliniuliza mara mbili, nikamjibu bado naisoma. Mara ya tatu hakuuliza.

Nyumba ikauzwa, jirani akahamia kwa mwanawe Jang'ombe. Asubuhi moja fundi alianza kuuziba mlango ule kwa matofali kutoka upande wa pili. Mama, ambaye tangu aingie eda hajashuka uani, akasikia mwiko ukigonga.

"Wanatengeneza nini?"

"Ukuta wao," nikamjibu.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa nguo mpya, akashuka uani. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya matofali, kayawekea kiganja.

"Kumbe ile karatasi hukutia saini."

"Ulikuwa unaijua?"

"Mimi ndo nliyemwomba aiandikishe. Yeye anaondoka, mie nnabaki. Nlitaka nibaki na pa kutokea, nisiwe kila nikitaka hewa nipite mbele ya wageni wa hoteli. Kila nikimuuliza, akinambia mwanao bado anaisoma. Nikamwambia mwache, msomi yule."

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Akapanda kuchukua buibui, akaelekea mlango wa mbele. Nikamwambia nitamsindikiza mpaka Jang'ombe kwa shoga yake.

"Wewe kaa," alisema. "Umalize kusoma."