Ubao wa Dirisha la Jikoni

Tomeyo aliliona kosa akiwa bado ndani ya teksi, kwa jicho ambalo hospitali ya mjini ilikuwa imelitoa mtoto wa jicho juzi yake. Nyumba yake ilikuwa imekwisha kuzungushiwa mbao pande zote, tayari kwa theluji. Hapo hapakuwa na neno, Novemba ilikuwa inayoyoma. Lakini dirisha la jikoni nalo lilikuwa limezibwa.

Kule milimani theluji hufika kwenye mapaa, na mtu asiyeikinga nyumba yake kwa mbao hukuta vioo vimelala sebuleni. Hata hivyo dirisha la jikoni huachwa wazi, ili jioni jirani aone taa na kujua kwamba mwenyewe ni mzima. Nyumba iliyozibwa mpaka hapo ni ya mtu aliyehama mpaka masika, theluji iyeyukapo. Kitongoji cha juu kilikuwa kimejaa nyumba za namna hiyo, na nyingine masika yake hayajafika mpaka leo. Zenye watu zilibaki mbili: yake, na ya Kanjiro ng'ambo ya mfereji.

Alimlipa dereva, akaingia ndani, akakaa gizani bila kuvua koti. Basi wamepanga kunihamisha, alijiambia, na kichwani mwake aliyepanga alikuwa mwanawe Shigeki. Kwa nini wiki ile alipiga simu mara mbili kuuliza kama amekula, yeye ambaye huwa hapigi mpaka Mwaka Mpya? Na kwa nini mkewe alituma blanketi jipya, jepesi, la kulalia kwenye nyumba zenye joto la mashine?

Jioni Shigeki alipiga tena. Tomeyo alimjibu kwa neno moja moja. Kijana alipouliza kama jicho linaona, akamwambia linaona hata yale ambayo watu hawakutaka yaonekane, kisha akakata simu.

Asubuhi Kanjiro alivuka mfereji na bakuli la figili za chumvi. Alikuwa mjane kama yeye, mpole, mchekeshaji, lakini siku hiyo hakutania. Alisifu jicho, akalalamikia baridi, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake. Tomeyo alilipokea bakuli kwa mikono miwili na kujiuliza ni malipo ya nini.

Alipoondoka, Tomeyo alizunguka nyuma ya nyumba kuzikagua mbao za dirisha lile. Shigeki hakuwahi kuweza kufunga kamba ya mbao; marehemu baba yake alimfundisha mpaka akakata tamaa. Hizi zilifungwa barabara, ila mafundo yote yalizunguka kinyume. Mtu wa mkono wa kushoto. Kitongoji kizima kilikuwa na mmoja tu.

Akavuka mfereji bila kubisha hodi ya mbele, akapitia nyuma ya nyumba ya Kanjiro, upande ambao kwa miaka hii ya jicho bovu alikuwa anauona kama ukungu. Mbao za dirisha la jikoni lake zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na kamba juu yake. Sanduku la nguo lilikuwa mlangoni.

Kanjiro alimkuta pale, akashusha pumzi.

"Mama Shigeki, ningekwambia."

"Lini? Nikishafukiwa?"

Alieleza kwa kusitasita. Harue, bintiye, alikuwa amemwandalia chumba mjini, na Jumamosi angekuja kumchukua. Shigeki hakuwa na habari yoyote. Kanjiro mwenyewe ndiye aliyeziba lile dirisha, akidhani Tomeyo akiliona hivyo atakata tamaa ya kubaki na kumwomba mwanawe ampe nafasi nyumbani kwake.

"Uliogopa kusema, ukaona bora useme kwa mbao," Tomeyo alisema.

"Nikiondoka, taa yako ataiangalia nani?"

"Na yako je, Baba Harue? Kule mjini nani ataiangalia? Kule taa haizimwi usiku kucha, hata ufe."

Tomeyo alimgeuzia mgongo akaenda zake, na kabla ya chakula cha mchana alimsikia Kanjiro nyuma ya nyumba yake akifungua mafundo yale yale. Hakutoka kumsaidia. Alimpigia Shigeki badala yake, akamwambia blanketi ni zuri, na kwamba kama anataka kujua mama yake amekula basi alete mchele mwenyewe kabla barabara haijafungwa. Hakuomba radhi, ila hakuwa na haraka ya kukata simu.

Jioni theluji ya kwanza ilianza. Tomeyo aliwasha taa ya jikoni, akatazama ng'ambo. Dirisha la Kanjiro lilikuwa linang'aa. Alilitazama mpaka chai ikapoa. Mtu aliyeweza kumziba mwenzake kimyakimya anaweza pia kuacha taa ikiwaka na kuondoka zake.

Kulipokucha alivaa viatu vya theluji na kuvuka. Kanjiro alikuwa mlangoni na koleo, akisafisha njia. Sanduku halikuwepo tena pale.

"Umekuja kunikagua," alisema.

"Nimekuja kurudisha bakuli," Tomeyo alijibu, akachungulia juu ya bega lake kuona sanduku limewekwa wapi.