Samaki wa Mbao Mwenye Kiungo

Siwezi kupita kwenye mitumba bila kuingiza mkono kwenye mifuko ya makoti. Harufu ile ya nguo zilizokaa kwenye marobota hunikosesha utulivu. Nilipokuwa mtoto, koti alilonunua baba mnadani Katesh lilikuwa na samaki wa mbao mfukoni, chambo cha bandia chenye ndoano mbili na kiungo katikati.

Sisi wafugaji hatukula samaki. Baba hakutaka hata harufu yao nyumbani. Mimi na dada tukawaacha ndama, tukakimbilia ziwani na kamba ya nailoni. Ukimvuta, hata polepole, samaki wetu alijinyonganyonga kama mzima. Kijiti kisicho na kiungo kisingecheza hivyo. Lakini ukimrusha alijikunja, ndoano zikanasa kwenye kamba, na dada akafoka, "Harakisha, ndama wataingia kwenye mahindi!"

Mara kambare akauma. Nilimvuta hadi nikagusa mgongo wake wenye ute, ndipo kiungo kikakatika. Akazama na kipande cha mkia.

Jioni nilimwamkia baba shikamoo. Akanishika mkono, akaunusa. Nikamtolea nusu iliyobaki ya samaki wa mbao. Aliigeuzageuza, akachungulia jikoni alikokuwa mama, kisha akaninong'oneza, "Alikuwa mkubwa?"