Kambale Niliyemnyang'anya Mama Mkwe

Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, mvi zimeshaanza kunichungulia, na mtihani wa mwisho ulipokwisha nikachinja mbuzi mkubwa kama ndama. Haya, kama mbwa mnene. Majirani zetu wa Iringa walijaa uani, wakaniomba niseme machache. Mimi sijui kusema machache. Nilisimulia shule, nikasimulia walimu, mwisho nikafika ukweni.

“Mke wangu huyu,” nikasema, “nimemtoa bondeni, kule Igawa ukiiacha barabara kubwa. Kwao hawavui samaki! Wanakaa ukingoni wamekunja mikono, wanasubiri ziwa liwavulie. Samaki akijifia mwenyewe, ndiyo kitoweo.”

Watu walicheka mpaka nikadhani na mbuzi anacheka sufuriani. Mke wangu alikuwa anapakua pilau. Aliuweka upawa chini taratibu, akaingia ndani. Asubuhi alimbeba binti yetu mgongoni, akapanda basi la kwao. Hakuniaga.

Nilichokisema hakikuwa uongo, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kuna ziwa dogo karibu na kwao. Mwisho wa kiangazi maji yanashuka mpaka mapajani, yanapata moto, na mvua ya kwanza ikinyesha tope la chini linavurugika. Samaki wanakosa hewa, wanaelea. Kijiji kizima kinaingia majini kuwaokota kabla hawajaoza, maana baada ya hapo hakuna samaki mpaka ziwa lijae tena. Mke wangu alilelewa kwa samaki hao. Alinieleza mwenyewe, usiku, tukiwa wachumba. Nami nikaenda kuwagawia watu siri hiyo pamoja na pilau.

Mke akirudi kwao kwa hasira, mume hamfuati hivi hivi. Anatanguliza mzee wa kumsemea. Lakini mimi msomi mzima, nisemewe na nani? Nilivaa suti ya sherehe, nikafunga tai, dereva mmoja wa lori akanishusha Igawa, nikamalizia kwa bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha. Yalikuwa mazuri kuliko hotuba zote za nchi hii.

Nilikuta nyumba tupu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na kelele zilitoka ziwani.

Nikafuata kelele. Jamani, nilichokiona! Perege walikuwa wameelea, matumbo juu, ziwa jeupe kama limetandikwa shuka. Wanawake, wazee, mwalimu mkuu, wote majini. Sijui nini kilinipata. Nakumbuka tu kwamba niliwaza suti isichafuke, basi nikaivua suruali na koti nikaviweka juu ya jiwe, nikaingia na boksa, shati jeupe na tai yangu shingoni.

Perege niliwapita. Macho yangu yalikuwa kwa kambale, maana yeye hafi upesi. Anapanda juu kuvuta hewa, ukimwahi unampata mzima. Nikamwona mmoja mrefu kama mimi. Nikamdaka mkia. Akakaza. Nikavuta, naye akavutwa upande wa pili. Kumbe kuna mtu kamshika kichwa.

“Achia!” nikapiga kelele bila hata kuinua uso. “Nimemwona mimi kwanza!”

“Mkubwa hivyo, huna haya?” sauti ikajibu. “Mimi nimemshika kichwa!”

Niliijua ile sauti. Nikainua uso, naye akainua wake.

Kwao, kama kwetu Kilolo, mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Sasa tulikuwa tumetazamana, samaki mmoja katikati yetu, mimi na boksa iliyolowa. Alimwachia kambale, akajifunika khanga usoni, akageuka, akawa anatoka majini kwa kupapasa kama kipofu. Beseni lake lilibaki linaelea, tupu.

“Shemeji, karibu!” kaka wa mke wangu akaniita kutoka mbali. “Suti umemwachia nani?”

Mke wangu alikuwa ukingoni na wenzake, wanachagua samaki. Walifungua mashavu: mekundu, samaki anaingia kwenye ndoo, yamefifia, anatupwa shimoni. Alinitazama, akamtazama kambale kifuani kwangu.

“Ziwa limekuvulia?” akauliza.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Yale maneno mazuri yote ya njiani sikuyapata hata moja. Nilimweka kambale kwenye beseni la mama, nikavaa suruali juu ya matope. Shemeji akaja na ujumbe wa nyumbani.

“Baba anasema leo hajaona mgeni,” akaniambia. “Urudi na mzee, na kuku wa kumfuta mama macho kwa aliyoyaona. Na dada anasema, wale waliocheka kwako, wote, uwasimulie na hii ya leo. Akisikia umewasimulia, ndipo afunge mzigo.”

Lori nililolipata lilinipakia nyuma, kwa sababu ya harufu.

Niliwaita majirani uani. Safari hii hapakuwa na mbuzi. Niliwasimulia yote, na boksa, na kichwa, na mkia, kwa maneno machache, ndiyo, mimi. Walicheka zaidi ya mara ya kwanza. Nilisimama pale mpaka wakamaliza. Kisha nikatafuta mzee, nikatafuta kuku.

Mke wangu alirudi. Tangu hapo, kila mvua za kwanza zikishuka, dereva wa lori anatuletea furushi la mama mkwe kutoka bondeni: kambale mmoja, amekaushwa kwa moshi, hana salamu wala neno. Mke wangu humfungua mezani, wageni wakiwepo au wasiwepo, akanisogezea mkia.

“Shika huku,” ananiambia. “Kichwa cha mama.”

Nami nashika, macho kwenye sahani. Wageni huniuliza kuna nini, na inabidi nianze kusimulia. Nikifika kwenye kambale mrefu kama mimi, mke wangu anakohoa.

“Kama mkono,” nasema. “Alikuwa kama mkono.”