Ufa Juu ya Nyumba ya Philomena

Mwaka ule theluji ilianza kulainika kabla ya Pasaka, na ufa ukatokea mlimani juu ya nyumba ya Philomena.

Mwanzoni ulikuwa mstari mwembamba wa kahawia kwenye mteremko mweupe. Sisi tuliokuwa tukipiga pasi mashuka ya hoteli tuliuona kupitia dirishani. Kesho yake ulikuwa umepanuka, na nyasi za mwaka jana zikaonekana ndani yake, zimelala upande mmoja. Mambo mengine yalikwenda kama kila majira ya kuchipua. Mapaa yalidondosha maji mchana kutwa, wageni wa mwisho wakakaa nje na bia zao wakiwa wamevaa fulana tu, na chini ya viti vya kamba vinavyowapandisha wageni mlimani zikaibuka glavu zilizozikwa tangu Krismasi. Lakini asubuhi tulipoamka, theluji haikuwa imeganda. Tulikuwa tukiikanyaga na mguu unazama mpaka gotini. Kila mtu alijua kwamba theluji ya namna hiyo huporomoka, na hakuna aliyependa kulizungumza.

Nataka kusimulia habari za Ludwina, mkwe wa Philomena. Mumewe Amandus aliendesha mtambo wa kusawazisha theluji kwenye njia za kuteleza. Ludwina mwenyewe alisimamia vyumba hotelini, nami nilifanya kazi chini yake kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa uongo. Mgeni akimuuliza kama mlima unaonekana kutoka chumba fulani, alimjibu kwamba linaonekana jaa la taka, na meneja akabaki kushika kichwa.

Kilian, mkuu wa kikosi cha uokoaji, alipanda kwa Philomena kumtaka ahame mpaka mteremko utulie. Bibi yule alikuwa ameshapita miaka themanini. Alimpokea jikoni, kwenye kiti chake kati ya jiko na dirisha, akaendelea kumenya viazi. Alimwambia nyufa ameziona tangu Kilian hajazaliwa. Amandus naye akaja kubembeleza.

"Wewe nenda kawasawazishie wageni theluji yao," mama yake akamwambia. "Nilikuzaa chumba cha juu hapo. Hutanibeba kama kabati."

Siku hiyo Ludwina aliunguza foronya, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaniambia mahali pekee ambapo mkwewe angekubali kwenda ni kwa Serafina, mdogo wake, aliyeishi mjini chini bondeni. Nikamshauri ampigie Serafina simu, amwalike dada yake. Kumbe alikwishampigia. Serafina, mwanamke mnene mwenye afya, mpenda karata, alicheka sana simuni. Alisema Philomena hashuki bondeni bila msiba.

Ludwina akaiweka pasi chini. Alisimama akiutazama ule ufa, halafu akavua aproni na kuniomba nimsindikize, nikamsaidie kufunga mizigo ya bibi.

Tulimkuta bibi palepale kwenye kiti chake.

"Mama, Serafina kaanguka," Ludwina akasema. "Hajiwezi. Anakutaja wewe."

Philomena akaacha kumenya. "Anapumua?"

Nilidhani Ludwina angeishia hapo, akajibu ndiyo, basi. Lakini bibi alimkazia macho, naye akaogopa kugundulika. "Anapumua kwa shida," akasema.

Bibi akainuka na kuchukua koti lake jeusi, lile la mazishini. Amandus aliwapeleka wote wawili kwa gari mpaka chini, hakumtazama mama yake hata mara moja.

Serafina alifungua mlango mikono ikiwa na unga. Philomena akaelewa hapohapo. Alimgeukia Ludwina akamwambia asikanyage kizingiti kile, na Ludwina akarudi kijijini na mumewe.

Poromoko lilishuka kesho yake baada ya chakula cha mchana. Mlio wake haukuwa wa radi. Ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto na halimalizi. Taa za hotelini zikayumba. Tulipofika kwa Philomena, theluji nzito ya kijivu, yenye udongo na vigogo vya misonobari, ilikuwa imeingia jikoni kwa dirishani na kulisukuma jiko mpaka ukuta wa pili. Kile kiti hatukukiona. Watu walimkumbatia Ludwina, Kilian akalia waziwazi. Nami nilimshika Ludwina mabega nikayakuta yamekakamaa. Alikuwa bado anatazama juu, ambako nusu ya theluji ilikuwa imebaki ikining'inia.

Amandus alimpigia mama yake simu. Akasema bibi aliuliza tu kama picha za harusi zimepona. Hasira ikampungua. Serafina yeye alilifanya jambo lile mchezo. Alizunguka nyumbani ameshika kifua, akihema kwa mbwembwe, akimwambia dada yake, "Mwenzio napumua kwa shida, niletee keki." Wakacheka pamoja kama wasichana.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, Serafina alianguka stoo alipokwenda kuchukua mitungi ya matunda. Philomena alidhani ni mzaha, akamwambia aamke. Serafina alipumua kwa shida mpaka jioni, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yake, akafariki kabla padri hajafika.

Mazishini, watu walipoanza kutawanyika, Philomena alimsogelea Ludwina.

"Umemchuria dada yangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama, nilikuwa nakutoa kwenye kifo."

"Ulinitoa. Ukamtia yeye."

Hakulirudia tena. Nyumba ilipigwa marufuku kukaliwa, kwa hiyo alihamia kwa Amandus na Ludwina, wakala supu ya jibini meza moja. Daktari alieleza kwamba moyo wa Serafina ulikuwa umechoka zamani. Sisi sote tulikubali, tena tuna akili zetu. Hata hivyo, mwenye duka la mikate, ambaye mumewe alikuwa akisubiri upasuaji, alimwomba Ludwina, kwa upole, asimuulizie hali yake. Kilian alimtania amtabirie goti lake lipone. Ludwina alicheka, lakini toka hapo hakumjulia hali mgonjwa yeyote.

Baridi iliyofuata Philomena alishikwa na kifua. Ludwina alimkesha, akamkanda kwa mafuta. Bibi alipokea dawa zote kwa sharti moja: mkwewe asiseme lolote kuhusu ugonjwa ule. Akapona, na hadi leo yu hai.

Majuzi mimi na Ludwina tulikuwa tukianika mablanketi nyuma ya hoteli, nikamuuliza kama angefanya vilevile.

"Ningesema mimi ndiye ninayeumwa," akajibu. Alibana kibanio, akanyoosha pindo la blanketi. "Ila kwa ajili yangu asingeshuka."

Nikachukua blanketi jingine, nikampa ncha moja.